Mita ya Pikapu na Maombi ya Asubuhi

Kijana wangu ameendesha gari za watu tangu ndevu zianze kumtoka, na sasa hizo ndevu ziko na nyeupe. Ameendesha lori ya mahindi, akaendesha ya mawe, akaendesha hata ile ya kubeba maiti, na hiyo aliniambia aliipenda sana juu abiria hawakuwa wanamwambia apunguze spidi. Lakini gari ya mtu ni ya mtu. Mwenyewe akiamka vibaya anakunyang'anya ufunguo, na wewe unaenda nyumbani kwa miguu.

Kwa hivyo siku aliniambia anataka kununua pikapu yake mwenyewe, ya kutoa maziwa Moiben na kuleta hapa Eldoret, sikucheka. Na mimi hucheka kila kitu.

Hiyo kazi ya maziwa iko hivi. Wakulima wanakamua kabla jua itoke, wanapanga mikebe kando ya barabara. Wewe unapita ukikusanya, halafu unakimbiza mpaka mjini kwa mtambo wa kupoesha. Gari ikikufia njiani, maziwa inachacha. Ikichacha mara ya kwanza watu wanakuambia pole. Ikichacha tena wanapatia mwingine mikebe, na hakuna mtu atakuita. Kijana wangu alikuwa anajua hiyo. Akinunua injini imechoka, atarudi tu kushika ufunguo wa watu, na safari hii atarudi akiwa mzee.

Mimi niko na kibanda ya chai hapa kando ya gereji, ile gereji haina ukuta wala geti, ni mafundi tu na mafuta chini. Napika chai, mandazi na bajia. Viazi za bajia nanunua kwa mzee mmoja wa Timboroa. Watu wake walitoka Central kitambo, kabla mimi niolewe, wakapanda huko juu kwa baridi. Kila wiki alikuwa anashuka na pikapu yake ya dizeli imejaa magunia, anauzia sisi wa vibanda, analala kwa mtoto wa dada yake hapa karibu, na asubuhi anarudi.

Huyo mzee sauti yake inaenda polepole kama mtu amebeba mayai. L yote kwake ni R. Na viazi anaita waru, ndivyo wao huita. Mimi nilikuwa namfanya mbele ya wateja, naiga sauti yake: "Mama, hizi ni waru za kweri, sio za kurisha ng'ombe." Watu wanatoa chai kwa pua. Siku moja nikageuka nikampata amesimama nyuma yangu na gunia. Akasikiza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema nimempata vizuri lakini sauti yake ni nzuri kuliko hiyo. Halafu akanirudishia. Sisi Wakalenjin V na Z inatushinda, na B tunaikanyaga mpaka inakuwa P. Akaweka mkono kwa kiuno kama mimi, akasema, "Mzee, leo umeniletea fiasi ya pajia?" Nilicheka hadi nikaketi chini. Kutoka hiyo siku akawa mtu wangu.

Ile pikapu yake, ukifungua mlango unataka kuvua viatu. Bibi yake alikuwa mtu wa kushona vitambaa, zile za uzi mweupe za kufunika viti. Sasa nyumba ikaisha, kila kiti imefunikwa, hata redio imefunikwa, akahamia kwa gari. Kiti kikavaa kitambaa. Usukani ukavaa soksi. Handibreki ikawekewa kofia kama ya mtoto mchanga. Huyo mama alikuwa anakuja naye kila wiki, ameketi kando yake na kikapu kwa magoti. Halafu akaugua, akaacha kuja. Mwaka jana akafariki.

Baada ya hapo watoto wao walio Nairobi wakaanza kumwambia mzee aache barabara, ati ile ukungu ya Timboroa na malori, siku moja itammeza. Akakataa, akakataa, halafu siku moja akaniambia amekubali. Atauza pikapu, lakini sio kwa mabroka wa magari. Nikamwambia kijana wangu kabla maji ya chai ichemke.

Kijana akaja na fundi wake. Fundi ni mtu wa kutoka Northern, mrefu, Mwislamu, anaongea kama mtu yuko ng'ambo ya mto. P yake yote ni B. Hapo nyinyi mnaweza kujua vile mimi nilikuwa na furaha, juu mbele ya kibanda yangu nilikuwa na L, P na V zimeketi benchi moja na hakuna hata moja iko sawa.

Kijana alichungulia mita, pale nambari za kilomita huwa, akatoa kichwa nje haraka. Yeye akifurahi sauti yake inakuwa nyembamba kama ya msichana. "Mama, hii gari ni kama haijatembea."

Mimi nambari najua za pesa tu, lakini niliona fundi pia amenyanyua macho. Fundi akasema tungoje. Akasema nambari ya mita hata mtoto anaweza kubadilisha, mtu anatoa mita ya zamani anaweka ya gari ingine, basi umenunua uwongo. Yeye huangalia mahali mguu na mkono zinaguza kila siku. Akainama kwa kanyagio. Mpira mpya kabisa. Akafungua ile soksi ya usukani. Chini yake usukani ulikuwa unang'aa kama umetoka dukani. Kijana wangu akamwinulia kitambaa ya kiti, polepole. Kiti hakijabonyea hata kidogo. Fundi akatoka akijipangusa mikono, akasema, "Wallahi, hii bikabu imekaa ndani ya nyumba."

Mzee alikuwa amesimama hapo na kofia mkononi. Kijana wangu akamuuliza kwa heshima kama hiyo mita ni ile gari ilitoka nayo. Mzee akatoa leso, akapanguza kioo ya mita polepole. Akasema gari ndiyo hiyo, na imemtumikia vizuri. Mimi niliona ni unyenyekevu tu. Huyo si mtu wa kujisifu. Wakapatana wamalize kesho asubuhi.

Asubuhi kulikuwa na baridi ile ya kufanya mbwa atembee upande upande. Mzee akaja mapema, akanywa chai, akaingia kwa pikapu aipashe moto. Na kama kila asubuhi, akainamisha kichwa kwanza akaomba. Sisi wote hapo huwa tunanyamaza. Kuna mwenye huvua kofia. Tulianza kumwona akiomba hivyo miaka kidogo imepita, na juu ni wakati bibi yake alianza kuugua, kila mtu alisema, huyo mzee amepata shida na amemkimbilia Mungu. Tulikuwa tunamheshimu sana kwa hiyo. Hata yule mwanamke wa mboga, mwenye haamini mtu, alikuwa anamwachia mboga bila kupima mara mbili.

Akamaliza, gari ikashika, akaenda kuaga kwa mtoto wa dada yake, akamwachia kijana wangu pikapu mbele ya kibanda, injini bado inanguruma. Tukabaki kwa benchi tukisherehekea. Na mimi nikiwa na furaha mdomo haukai.

Nikachukua sufuria kama usukani. Nikainama. Mkono wa kulia nikauweka pale ufunguo huwa, nikafanya kidole tiki, nikafunga macho. "Mungu Baba, asante kwa kurara. Asante kwa kuamka. Asante kwa baridi, juu ndiyo inareta waru. Asante kwa kuku zote, hata ire nyeupe inataga nje. Asante kwa barabara na waheshimiwa wa rori. Asante kwa huyu ameketi hapa kando yangu." Hapo nikanyoosha mkono nikagonga hewa kando yangu, vile yeye hufanya, na watu wakacheka, juu kwa hicho kiti siku hizi huwa kumeketi gunia. "Amina." Nikazungusha ufunguo yangu ya hewa, nikanguruma kama dizeli.

Wakapiga benchi. Nikaona haitoshi, nikaongeza. Nikasema huyu mzee ni wa Mungu asubuhi tu. Akitoka hapa mchana, baada ya kuzungusha magunia, anaruka ndani anawasha kama mpagani, hata asante hasemi.

Wote wakacheka isipokuwa fundi. Alikuwa ameshika kikombe hapa kwa mdomo na hanywi.

Akaniuliza kama nimesema mchana haombi. Nikamwambia haombi. Akauliza, na akisimama hapa dakika kidogo tu, injini ikiwa bado moto? Nikasema haombi, kwani yeye ni padri? Akaniambia nirudie ile ya mkono. Nikarudia. Anafungua ufunguo kwanza, tiki. Anaomba. Akisema amina ndiyo anawasha.

Fundi akaweka kikombe chini. Akaeleza polepole, akimwangalia kijana wangu wala sio mimi. Akasema dizeli ya zamani ikiwa baridi haishiki mpaka hita yake ya ndani ipate moto kwanza. Kwa hivyo kwa mita kuna ka taa kadogo, kamechorwa kama waya imejikunja. Ukifungua ufunguo kanawaka. Unangoja. Kakizima, unawasha. Injini ikiwa moto huna haja ya kungoja. "Mtu ako na hiyo taa anaangalia taa," akasema. "Huyu mzee anafunga macho."

Wakaenda kwa pikapu. Kijana wangu akazima injini, akafungua ufunguo tu. Nikaona taa nyekundu ya mafuta na nyekundu ya betri. Fundi akapitisha kidole kwa kioo yote, huku na huku, akitafuta. Hako ka taa ka waya hakakuwepo, hata mahali pake hapakuwepo. Akasema hiyo mita imetoka kwa gari ya petroli. Na zile nambari pia zimetoka huko huko.

Kijana wangu alikaa tu na mikono juu ya ile soksi ya usukani. Mimi nilikuwa bado nimeshika sufuria. Nilikuwa nimetaka watu wacheke, na sasa nilikuwa nimemshtaki mzee kwa sauti yake mwenyewe.

Aliporudi alitupata tumezunguka mlango umefunguliwa, na akaona fundi na bisibisi mkononi. Kijana wangu akampisha, akaketi pale pembeni ya kiti cha dereva, miguu nje, akavua kofia. Kijana wangu akamwambia, bila kupandisha sauti, "Mzee, hii mita sio yake."

"Sio yake," mzee akasema.

Kisha akatuambia. Bibi yake alikuwa anaosha hiyo gari kama nyumba, na beseni na sabuni ya unga, ndani na nje, na mzee alikuwa anamwachilia juu alikuwa anaimba akiosha. Siku moja maji ikaingia kwa mita, ikakufa. Fundi wa huko kwao akapata ingine kwa gari imeanguka, ya petroli, akaweka. Akamwambia ka taa ka hita hakatakuwepo, kwa hivyo akiamka ahesabu kwanza ndiyo awashe. Lakini mzee kuhesabu kulimshinda. Akifika katikati anafikiria ng'ombe na anaanza upya. Bibi yake akaketi hapo kando akamwambia aache kuhesabu, aombe. Yeye ndiye alipima. Walijaribu ile ya chakula ikawa fupi, gari ikakohoa. Wakajaribu ile ya mzee wa kanisa, ikawa ndefu mpaka betri ikalia. Basi akamtungia moja, akiongeza na akipunguza, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka gari ikashika bila kukohoa.

Nikamuuliza, na ile ya huyu ameketi kando?

"Hiyo alijiweka mwenyewe," akasema. "Alisema bado kunahitajika maneno kidogo hapo mwisho." Akaangalia kile kiti cha kando. "Mara ya kwanza nilikuwa naomba juu ya taa. Sasa hata sijui ni juu ya nini."

Hakuna mtu alicheka. Mimi nilikuwa nimegonga hiyo hewa mbele ya watu sijui mara ngapi.

Halafu akamgeukia kijana wangu. Akamwambia jana alimwona akifurahia nambari na alikuwa amefungua mdomo amwambie. Lakini akaona vile anainua vitambaa, kwa ncha ya vidole, kama mtu anaguza kitu ya altari. Akasema moyoni huyu ataitunza. Akaogopa akijua ukweli ataenda, na gari itaishia kwa mabroka, na kitu ya kwanza broka atafanya ni kutupa vitambaa. "Nikanyamaza. Na nimekukosea. Ukitaka kuenda, enda, mimi siwezi kasirika."

Kijana wangu akaangalia fundi. Fundi akaangalia juu, akakuna shingo. Yeye pia alikuwa amedanganywa na soksi ya usukani, na mpira wa kanyagio, ambao mzee alituambia alibadilisha tu juu gambuti zilikuwa zinateleza. Akasema basi wasahau mita, aangalie gari kama haina mita. Akawasha. Akafungua kifuniko ya mafuta ya injini ikiwa inanguruma, akaweka kiganja juu ya shimo, akangoja aone kama itamtemea moshi. Akaenda nyuma akainama kwa egzosi, pale moshi hutokea. Akarudi akaweka sikio karibu, huyo mtu wa kupiga kelele, akakaa kimya mpaka nikafikiri amelala. Akasema injini imefanya kazi nyingi, tena nyingi sana. Lakini haijachoka.

Mzee akasema asilipwe kitu kwanza. Ile mita ya zamani iko kwake, kwa kabati ya vikombe. Alipanda Timboroa na kesho yake akarudi nayo, imefungwa kwa kitambaa cheupe kama keki ya arusi. Walipoifungua kijana wangu akapiga mluzi, na fundi akasema subhanallah. Nambari zilikuwa zimejaa kila kidirisha. Mzee akapunguza bei mwenyewe kabla aulizwe, na akapunguza sana.

Kijana akanijia nyuma ya jiko. Akaniuliza ninaonaje. Hakuna mtu huniuliza kitu kama hiyo, huwa wananiambia nimfanye chifu, wacheke. Nikamwambia amuulize mzee kama hiyo gari imewahi kulaza viazi barabarani. Akaenda akauliza. Mzee akasema ndiyo, mara moja, pale karibu na njia ya Kesses, lakini ni dizeli iliisha, juu mama watoto alikuwa anampigia hadithi na wote wawili wakasahau.

Akainunua. Fundi alitaka kumwekea ka taa kadogo ka kando ka hita, si kazi ngumu, na kijana akasema sawa, wataweka akipata nafasi. Mzee aliketi naye ndani akamfundisha yale maombi, neno kwa neno, na kijana wangu, mwenye hata chakula haombei, akawa anaitikia huku anaangalia nje kama kuna mtu anamwona. Halafu mzee akateremka, akapita mbele ya pikapu akigusa boneti, akaenda kupanda gari ya Timboroa. Hakutoa hata kitambaa moja.

Sasa asubuhi ya kwanza ya Moiben. Giza ilikuwa imeanza kupauka, baridi inauma masikio, na mikebe mitupu imefungwa nyuma. Mimi nilikuwa nawasha jiko. Nikasikia tiki ya ufunguo, nikasikia kijana anasema kitu mbio mbio kama mtu anasoma onyo ya dawa kwa redio. Akawasha. Gari ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Akarudia. Ikakohoa tena. Na huko Moiben mikebe ilikuwa imeshaanza kupangwa kando ya barabara.

Nikatoka na mwiko mkononi. Nikamwendea pale kwa dirisha, nikamwambia na ile sauti ya mayai, "Porepore, kijana. Umeruka kuku."

Akacheka, bega zikashuka. Akainama akaanza upya, na safari hii akaenda vizuri. Akashukuru kulala, akashukuru kuamka. Akashukuru baridi na waru, na sisi hata waru hatubebi. Kuku akazitaja zote. Akafika kwa malori, halafu akataka kuruka aende amina.

Nikamwambia bado kuna ingine.

"Mama, lakini hakuna mtu hapa kando," akasema.

Ndiyo nikaona mahali hayo maombi yalikuwa yanapungua. Nikazunguka mbele ya pikapu na mwiko yangu, nikafungua mlango, nikapanda, nikaketi juu ya kile kitambaa nikiwa na apron yenye unga. Akaniangalia. Mimi sikumfanya mtu yeyote, nilikaa tu.

Akafunga macho akasema hiyo ya mwisho, polepole, kwa sauti yake mwenyewe. Akasema amina, akazungusha ufunguo, na gari ikashika mara moja.

Hatukungoja niteremke, tukaondoka hivyo hivyo. Chai ya kibanda ilimwagikia jiko mpaka moto ukazima, na wateja wangu walikunywa kwa jirani, wananisema hadi leo. Lakini hiyo siku maziwa ya Moiben iliingia Eldoret ikiwa tamu, na mimi ndiye nilikuwa nimeshikilia vifuniko vya mikebe.